Klei ya kutoa vumbi la rangi kwenye gari: uzoefu wangu, ilipofanya kazi na iliposhindwa

Ukipitisha kiganja kwenye boneti ukasikia kama unapapasa msasa, na wiki iliyopita palikuwa laini kama kioo, usikimbilie kuosha tena na tena kama nilivyofanya mimi. Gari yangu ni bluu nzito, ile inayokaribia nyeusi, nikaiona imefifia tu kama ina vumbi, nikaosha, ikakauka, bado imefifia, nikaosha tena kwa shampuu nyingi zaidi, hakuna kilichobadilika. Jioni nikachukua tochi ya simu nikaiinamisha karibu kabisa na bati ndo nikaona, vidoti vyeupe vidogo vidogo, maelfu, boneti nzima, paa, milango ya upande wa kulia na vioo vyake. Upande wa kushoto safi kabisa. Niliumia sana aisee, maana hii gari naitunza.

Hapo ndo nikakumbuka. Siku nne nyuma nilipaki karibu na jengo wanapiga rangi nguzo za chuma na geti kwa kompresa, na upepo ulikuwa unavuma kuja upande wa magari. Hawakufunika kitu, hawakuweka alama, hawakumwambia mtu yeyote asogeze gari. Nilirudi kuongea nao wakaniambia itatoka yenyewe kwa mvua. Haitoki kwa mvua jamani, rangi ya mafuta ile, ikishakauka mvua haiigusi. Kitu cha maana nilichofanya siku hiyo ni kupiga picha, za gari na za zile nguzo zikiwa bado mbichi, na nikauliza wanatumia rangi gani nikaonyeshwa kopo. Hiyo ya kujua aina ya rangi ikukae kichwani, ilinisaidia sana baadaye.

Kwanza nilitaka kuhakikisha kweli ni vumbi la rangi na siyo uchafu mwingine, maana kuna vipande vya chuma vidogo vinavyotoka kwenye breki navyo vinafanya bati liwe na chengachenga, na utomvu wa miti pia. Kilichonihakikishia ni vioo. Nilivaa mfuko laini wa plastiki mkononi kama glovu (ukifanya hivyo vidole vinasikia kila punje, hata ambayo mkono mtupu hauisikii) nikapapasa kioo cha mbele na boneti, chenga zile zile, na kwenye kioo ukikwangua kwa ukucha punje inatoka nyeupe. Halafu zote zilikuwa upande ule ule uliotazama upepo. Ile dawa ya kutoa chuma inayogeuka zambarau ikikutana na kutu ya breki nilijaribu kidogo mlangoni, haikubadilika rangi, nikaachana nayo.

Sasa kabla sijafika kwenye klei lazima niseme kuhusu thina, maana ndo ushauri utakaopewa na kila mtu. Fundi rangi mmoja alikuja kuangalia akaniambia, bosi hii kazi ya dakika ishirini, lete thina na kitambaa. Akalowesha, akaanza na ile plastiki nyeusi iliyo chini ya wipa kwa sababu nayo ilikuwa na vidoti. Vidoti vilitoka, ila na plastiki nayo ikabadilika, ikawa na mabaka ya kijivu na ukiigusa inanata. Nikamzuia palepale kabla hajagusa bati. Hayo mabaka yapo mpaka leo.

Thina kali haichagui. Inayeyusha rangi iliyokuja na upepo na inaweza kuyeyusha yako pia, hasa kama gari ina rangi za zamani zisizo na hadena (ile kemikali inayochanganywa na rangi ili igande iwe ngumu), au kuna sehemu imepakwa upya hivi karibuni na haijakomaa. Klia ya kiwandani, lile tabaka angavu linalopakwa juu ya rangi, ni ngumu na inavumilia kidogo, lakini nani anajua kila bodi ya gari yake imepita gereji gani? Mimi fenda yangu ya nyuma kulia ilipakwa upya miezi miwili kabla ya haya yote. Na taa za mbele ndo usiguse kabisa na thina, siku hizi siyo kioo, ni plastiki, inapata nyufa ndogo ndogo ndani kwa ndani na hazirudi.

Njia nyingine inayotajwa ni kupiga msasa wa maji kisha polishi. Inafanya kazi, sikatai, ila fikiria unene. Klia ya magari mengi ya kiwandani ni kama mikroni 35 hadi 50 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), unywele wa kichwa ni kama 70. Yaani kinachokinga rangi yako ni chembamba kuliko unywele, na kila ukipiga msasa unakipunguza, hakirudi. Sasa kwa nini upunguze chako wakati tatizo limekaa juu yake?

Na hapo ndo penyewe. Rangi inayopulizwa inatoka kama ukungu, ile isiyofika kwenye chuma inaelea hewani na inaanza kukauka huko huko, ikitua kwenye gari yako inakuwa imeshakauka nusu au zaidi. Kwa hiyo inashika juu tu, kama punje za mchanga zilizogandishwa na gundi kidogo. Haijaingia ndani. Unachohitaji ni kitu cha kuzing'oa punje bila kugusa kilicho chini yake, na hicho ndo klei inafanya.

Klei yenyewe siyo udongo wa shambani, ni kama ule udongo wa rangi wa watoto kuchezea, mlaini, unavutika, umetengenezwa kwa aina ya plastiki laini iliyochanganywa na unga mdogo sana wa kusugua. Asili yake ni Japani, na Tadao Kodate ndiye aliyeandikisha hataza zake Marekani miaka ya 1990. Inavyofanya kazi, unalowesha bati vizuri kwa kilainishi, unateleza klei juu yake, mahali laini inapita tu, ikikutana na kitu kilichojitokeza inakishika, inakikata kwenye shina na kukimeza. Nilichagua ya kiwango laini ingawa muuzaji alinisukumia ya kiwango kigumu akisema ndo ya rangi. Nashukuru sikumsikiliza. Anza na laini siku zote, ikishindwa ndo upande, maana ile ngumu inatoa haraka ila inaacha ukungu wa mikwaruzo ambao lazima uupige polishi.

Boksi langu lilikuwa na kipande cha gramu 200, chupa ya kilainishi ya kupuliza na kitambaa cha maikrofaiba. Karatasi ya maelekezo haina msaada, mistari mitano tu, haisemi usitumie kwenye nini. Hilo nawapunguzia alama.

Nilivyofanya: nikakata klei vipande vinne vya gramu 50 hivi. Usiitumie yote kwa mkupuo kwa sababu ikidondoka chini imekwisha, inaokota mchanga na ukiirudisha kwenye bati unachora gari yako mwenyewe, hata uioshe vipi mchanga hautoki wote. Mimi cha kwanza kilinidondoka dakika ya arobaini tu, vidole vilikuwa na sabuni, nikakitupa. Kiliniuma lakini nilikitupa.

Gari nikaiosha kwanza vizuri kabisa, nikaiacha kivulini mpaka bati likawa la baridi. Jua usifanye nalo mchezo, bati likiwa la moto kilainishi kinakauka kabla hujamaliza na klei inalainika mpaka inaacha utando unaonata. Ikiwa hali ya hewa ni ya baridi sana ni kinyume chake, klei inakuwa ngumu, iweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache halafu uikande. Nikaikanda ikawa kama chapati ndogo ya kuenea kwenye vidole vitatu, nikaanza na pembe ya boneti, eneo la kama sentimita 50 kwa 50, nikapuliza kilainishi mpaka bati likawa linatiririka, nikateleza mbele nyuma kwa mstari ulionyooka. Usizungushe duara. Ukizungusha na ikatokea mkwaruzo, unaonekana kila upande taa ikipiga, mstari ulionyooka ni rahisi kuuficha na kuutoa.

Na usikandamize. Hili ndo kosa ambalo ningelifanya kama nisingekuwa na woga wa ile fenda. Mikono inataka kukandamiza kwa sababu unasikia zile chenga na unataka zitoke sasa hivi, lakini acha klei iende kwa uzito wa vidole tu. Mara ya kwanza kupita inakwama kwama na inatoa sauti, krr krr krr, ukipita mara ya tano sita sauti inapungua, ya kumi hivi inateleza kimya. Ukisikia kimya ujue hapo pamekwisha. Mimi nilianza kufanya kwa masikio kuliko macho, maana kwenye maji huoni vizuri.

Nilipogeuza kile kipande mara ya kwanza nikakuta upande wa chini umekuwa mweupe kama umepakwa unga, na klei yenyewe ilikuwa ya bluu. Nilifurahi sana jamani, nilikaa nakiangalia tu. Ukifika hapo ukunje, uukande, utoe uso mpya msafi ndo uendelee, kwa vumbi la rangi ni lazima ukunje kila baada ya eneo moja au mawili, siyo kama unapotoa uchafu wa kawaida ambapo unaweza kwenda boneti nzima. Ukiendelea na uso mchafu zile punje za rangi kavu ndo zinakuwa msasa.

Kilainishi cha kwenye boksi kiliisha nikiwa paa sijafika nusu. Chupa ndogo, kazi kubwa. Nilimalizia kwa maji yenye shampuu ya gari kwenye chupa ya kupulizia na ikawa sawa kabisa, utelezi ule ule, ila nilikuwa nasuuza kila eneo nikimaliza lisikauke na sabuni. Kama unanunua kwa ajili ya vumbi la rangi andaa maji ya shampuu kabisa kwenye ndoo, na ndoo hiyo iwe safi isiwe ile uliyooshea matairi.

Boneti ilinichukua saa moja na nusu, paa kama hivyo, milango miwili na fenda mbili ndo nikamaliza siku ya pili asubuhi. Jumla kama saa saba. Mabega yaliuma. Sikuona sababu ya kukimbia, kila nilipochoka niliacha, maana ukichoka ndo unaanza kukandamiza.

Ile fenda iliyopakwa upya niliifanya mwisho kabisa, nikiwa nimeshazoea mkono. Nilijaribu kwanza kipande cha chini karibu na tairi, sentimita kumi tu, nikakausha na kuangalia kwa tochi, rangi haikuhamia kwenye klei wala haikufifia, ndo nikaendelea. Gari nyingine ukiona klei inaanza kubeba rangi ya gari lenyewe, simama. Inamaanisha hapo hakuna klia, au imeshaisha.

Vioo ni rahisi sana, klei ilitoa yote kwa dakika kumi kila kioo. Matone machache yaliyogoma kwenye kioo cha mbele niliyatoa kwa wembe mpya, kioo kikiwa kimelowa sabuni, wembe umelala, nasukuma upande mmoja tu bila kurudi nyuma. Hiyo ni kwa kioo cha kweli na upande wa nje pekee. Taa zile za plastiki wembe usizifikishie. Taa nilitumia klei kwa maji mengi na mkono mwepesi kabisa.

Iliposhindwa sasa. Kwanza raba za milango na plastiki nyeusi zisizo na rangi, klei haifai, inaacha alama za mafuta mafuta za bluu zinazoingia kwenye vinyweleo vya plastiki. Nilichora mstari mmoja mrefu kwenye raba ya mlango kabla sijagundua, ilibidi niutoe kwa brashi laini na shampuu. Ningeweka teipu ya kuzibia rangi pale ningeokoa nusu saa. Vidoti vya kwenye plastiki vilitoka baadhi kwa white spirit (kile kiyeyusho chepesi cha rangi ya mafuta) kidogo kwenye kitambaa, na nilijaribu kwanza sehemu isiyoonekana, vingine vipo.

Pili, matone makubwa. Siyo yote yanatua yakiwa makavu. Kulikuwa na kama thelathini hivi, upande uliokuwa karibu zaidi na kompresa, yalitua mabichi, yakatandazika na kushika kisawasawa. Klei inayateleza juu kama haijayaona, kwa sababu hayana shina, yamelala. Kwa hayo nilirudi kwenye lile kopo: rangi ya mafuta, isiyo na hadena. Rangi ya namna hiyo inakauka taratibu kwa hewa, inachukua siku nyingi hadi wiki kadhaa kukomaa kabisa, kwa hiyo siku ya sita ile bado ilikuwa na udhaifu kidogo. Nikachukua kitambaa cha pamba, white spirit kidogo tu, nikakiweka juu ya tone nusu dakika bila kusugua, nikafuta, nikasuuza kwa shampuu mara moja, kisha klei. Mengi yalitoka kwa raundi mbili tatu. White spirit siyo thina, ni laini zaidi na klia ya kiwandani iliyokomaa inaistahimili kwa muda mfupi, ila kwenye ile fenda mpya sikuthubutu. Kama rangi iliyokudondokea ni ya hadena, ile ya sehemu mbili zinazochanganywa kwanza ndo inapigwa, ikishakomaa hakuna cha kuilainisha bila kuumiza yako, hapo klei mapema iwezekanavyo ndo tegemeo lako. Ndo maana nasema uliza kopo, na usisubiri. Kila siku unayosubiri inazidi kushika.

Kingine ambacho hawasemi kwenye boksi: baada ya klei gari inakuwa laini mno lakini uchi. Nta yote imeondoka. Nilimwaga maji kwenye boneti yakatandazika kama kwenye meza, hayakufanya vile vitone. Na nilipoitoa juani nikaona mikwaruzo midogo sana, kama nywele, kwenye boneti sehemu mbili na juu ya paa ambako nilichoka. Kwenye gari nyeupe au ya fedha usingeiona, kwenye bluu nzito unaiona. Nilipiga polishi laini ya kumalizia kwa sponji ya mkono, sehemu hizo tu, ikapotea, kisha nta gari nzima. Kwa hiyo kama rangi ya gari yako ni ya giza weka polishi kwenye mpango wako kabisa, usije ukashtuka.

Kwa alama ningewapa nne kwa tano. Ile moja nimeitoa kwa karatasi ya maelekezo na chupa ndogo, klei yenyewe haina kosa. Nilitumia vipande viwili ukiacha kile nilichokitupa, na cha nne kimebaki kwenye kiboksi chake nimekipulizia kilainishi kisikauke. Kuna wanaosema siku hizi bora glovu yenye raba ya klei upande mmoja, inakwenda haraka na ikidondoka unaisuuza. Rafiki yangu anayo, nimeijaribu kwenye mlango wake, kweli inakwenda, ila mkono hausikii punje vizuri kama kwenye kipande, na kwa rangi mimi nataka kusikia.

Matone matatu bado yapo kwenye ile fenda, karibu na mfuniko wa mafuta, kila moja kama kichwa cha pini. Kuna fundi kaniambia anaweza kuyatoa kwa msasa laini sana wa namba 3000 na mashine ya polishi, na naamini anaweza. Nimemwambia ayaache, fenda ikomae kwanza miezi kadhaa, nitayaangalia tena.